Usiandike "hawezi kuishi hapa" kabla hujapima kinachomzuia: hatari ya visumbufu na tabianchi, mifano ya Tanga

Ukipanda Hiace pale Mombo alfajiri kuelekea Lushoto, mpaka mnafika Soni ushatoa sweta kwenye begi. Njia yenyewe haifiki hata kilomita arobaini lakini umepanda kutoka kama mita 400 mpaka kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka nyuzi 6 na kitu. Sisi tunaohangaika na mimea mkoa wa Tanga tumeitegemea hiyo baridi miaka mingi kama mlinzi wa getini. Mdudu mpya akisikika Korogwe tunaandika kwenye fomu "nyanda za juu: hatari ndogo, kuna baridi", tunasaini, tunaendelea na mengine.

Mimi nimeandika hivyo zaidi ya mara moja. Safari moja nikarudi kwenye shamba la nyanya huko juu, mama mwenye shamba hakunilaumu wala nini, alinyamaza tu akachuma tunda moja akanishikisha, nikaona vile vitundu vya kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya. Nimelifikiria sana lile tunda. Siwezi kusema ni mabadiliko ya tabianchi yaliyompandisha yule mdudu, kantangaze anavumilia ubaridi kuliko nilivyodhani. Kosa langu ni kwamba nilitaja baridi kama kinga bila kupima hata siku moja inamzuia kiasi gani. Na kama kinga huijui vipimo vyake leo, hali ya hewa ikisogea utajuaje kwamba kinga imekwisha?

Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa afisa ugani wa kata, mtu wa AMCOS (ushirika wa wakulima), mwenye kitalu cha miche, mwanafunzi aliyepo field, yeyote anayeulizwa "huyu mdudu ni hatari kwetu?" na anatakiwa ajibu kwa maandishi.

Kwanza tukubaliane maneno. Kisumbufu sio mdudu peke yake, ni pamoja na ukungu, bakteria, virusi, minyoo fundo, hata magugu. Tathmini rasmi ya nchi ya hatari ya visumbufu inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kwa kufuata viwango vya mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea (IPPC), na kiwango kinachohusika zaidi ni namba 11. Ukikivua urasmi wake kinauliza mambo manne: kisumbufu kitaingiaje, kikiingia kitaweka makazi, kikiweka makazi kitasambaa kwa kasi gani, na kitaumiza nini. Ya kwako ya wilaya haichukui nafasi ya ile rasmi lakini ndo inayoilisha, maana wewe ndo unayejua mashamba.

Watu wengi wakiambiwa "ingiza tabianchi" wanaongeza swali la tano mwishoni, wanaandika "mabadiliko ya tabianchi yataongeza hatari", basi. Hiyo haina kazi. Tabianchi inaingia ndani ya kila moja ya yale manne, na wakati mwingine inapunguza hatari badala ya kuongeza.

Anza na kinga. Chukua karatasi, andika jina la kisumbufu na sehemu yako, alafu ujibu kwa sentensi moja: leo hii ni nini hasa kinachomzuia asiwepo hapa au asiwe wengi? Usikubali jibu la "hali ya hewa". Ni baridi ya usiku? Ni ukame wa Januari na Februari? Ni mvua kubwa ya masika inayomuosha kwenye majani? Ni kwamba hamna mmea anaoula? Ni bahari, umbali, au ni kwamba hakuna aliyemleta bado? Kila moja ina tabia yake. Baridi inasogea polepole na inapimika kwa kipimajoto, umbali unafutwa na lori moja la miche usiku mmoja.

Kama kinga ni joto au baridi, tafuta namba. Wadudu hawana joto lao la mwilini kama sisi, wanakua kwa joto la nje, kwa hiyo kila mdudu ana nyuzi ambazo chini yake hakui kabisa, na ana jumla ya joto anayopaswa kuikusanya ili amalize kizazi kimoja. Kantangaze kwa mfano, vipimo vinavyotumika sana vinasema hakui chini ya nyuzi 8 hivi na anahitaji kukusanya karibu nyuzi 460 kutoka yai mpaka kipepeo. Hesabu yake inafanyika hata kwenye simu: chukua wastani wa joto la siku, toa 8, kinachobaki ndo alichokusanya siku hiyo. Sehemu yenye wastani wa nyuzi 18, anakusanya 10 kwa siku, siku 46 kizazi kimoja kimeisha, kwa mwaka ni karibu vizazi 8. Ongeza nyuzi 2, anakusanya 12, siku 38, vizazi 9 na nusu. Shuka mpaka pwani kwenye wastani wa 26 ni siku kama 25 hivi, vizazi 14. Umeona mwenyewe, kwa huyu baridi ya Lushoto haikuwa inamzuia, ilikuwa inampunguzia spidi tu. Ningeifanya hii hesabu ya dakika tano siku ile nisingeandika "ndogo".

Nzi wa matunda yule aliyetoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Afrika Mashariki mara ya kwanza 2003, naye ni hivyo hivyo: maabara kwenye nyuzi 15 anachukua siku kama 75 kutoka yai mpaka nzi kamili, kwenye nyuzi 30 siku kama 18. Na yule mdudu anayetoboa punje za kahawa anahitaji zaidi ya nyuzi 14.9 ndo akue. Kule Jimma, Ethiopia, watafiti walipopiga hesabu kwa rekodi za zamani za joto waliona kwamba kabla ya 1984 baridi ilikuwa haimruhusu amalize hata kizazi kimoja kwa mwaka, baada ya hapo akaanza kumaliza. Wenye kahawa Usambara hilo tulitilie maanani.

Baada ya hapo andika bakaa, yaani kinga imebaki kiasi gani. Kama mdudu anahitaji wastani wa nyuzi 15 mwezi wa Julai na kwako Julai ni 14, bakaa ni nyuzi 1. Hilo neno bakaa ningependa lipewe safu yake kwenye kila fomu, maana linamfanya msomaji wa ripoti aone kinga inapungua kama anavyoona mafuta kwenye geji.

Hapo utaniuliza data natoa wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wana vituo, na vituo vya utafiti kama Mlingano pale Muheza vimekuwa vikipima miaka mingi, kaombe kwa barua. Mvua za satelaiti zipo bure, CHIRPS inaanzia 1981. Ila kuna mtego mmoja naomba uuangalie kwa macho mawili: ramani nyingi za tabianchi ambazo watu wanazipakua na kuziweka kwenye modeli ni za zamani. WorldClim toleo la 2 ambayo karibu kila mwanafunzi anaitumia ni wastani wa 1970 mpaka 2000. Yaani unaandika neno "leo" kwenye ripoti kumbe unazungumzia dunia ya kabla watoto wetu hawajazaliwa, na jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, limeshasema muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 juu ya ule wakati wa 1850 hadi 1900, na sehemu kubwa ya hilo ongezeko imekuja miongo hii ya karibuni. Kwa hiyo kabla hujafika hata kwenye mambo ya 2050, hakikisha "leo" yako ni leo. Tumia wastani wa 1991 hadi 2020 ukiupata, na angalia joto la chini la usiku kivyake, usiridhike na wastani wa siku, maana usiku ndo unaoua mayai na mabuu kwenye baridi.

Sasa baadaye ni lini? Hapa naona watu wanabishana bure, mmoja 2030, mwingine 2100. Ushauri wangu, acha zao likuamulie. Nyanya inakaa shambani miezi mitatu minne, tathmini yake iangalie misimu mitano mpaka kumi ijayo na zaidi iangalie mwaka mbaya, mwaka wa El Niño, mwaka mvua za vuli zimegoma. Mkonge unakaa shambani miaka kumi na zaidi. Mchungwa uliopandwa mwaka huu Muheza unategemewa ubebe mpaka kwenye 2050 huko, na mnazi ndo kabisa, unampandia mjukuu. Ukimwambia mtu apande mti wa miaka 30 kwa tathmini ya hali ya hewa ya leo peke yake umemdanganya, hata kama hukukusudia.

Kwa wale ambao hawana kompyuta nzito wala programu za kukadiria mdudu anaweza kuishi wapi kama CLIMEX, sisi Tanga tuna kitu ambacho mikoa mingi haina, tuna ngazi. Joto likiongezeka nyuzi 1 ni sawa na kulichukua shamba lako la Lushoto ukaliteremsha mita 150 hivi kuelekea Mombo. Likiongezeka nyuzi 1.5 umeliteremsha karibu mita 230. Kwa hiyo ukitaka kuona shamba la mita 1,400 litakuwaje, panda pikipiki ushuke mpaka mita 1,200, 1,250, uliza pale wanasumbuliwa na nini, wanapulizia mara ngapi kwa msimu, maembe yanazaa au hayazai, nzi wa matunda wanaanza mwezi gani. Mkulima wa chini yako kidogo anaishi kwenye hali ya hewa yako ya kesho. Hii njia naipenda kuliko ramani zote nilizowahi kuona kwenye warsha kwa sababu mkulima anaielewa hapo hapo na anaweza kukusahihisha.

Ila chagua ngazi inayofanana na wewe. Upande wa Mombo ni mkavu, mvua inakatwa na milima. Upande wa Muheza kupanda Amani ni wa unyevu, ukungu na mvua nyingi kwenye karafuu, mdalasini na iliki. Ukichukua mambo ya Mombo ukayabandika Amani utapotea, na ugonjwa wa ukungu hautafuti joto peke yake, unatafuta jani limekaa na maji masaa mangapi.

Sasa nataka tukae kwenye machungwa, maana hapa ndo panaponiumiza roho, na ndo mfano mzuri wa jinsi hesabu inavyoweza kukubadilishia mawazo.

Kuna ugonjwa wa michungwa unaosababishwa na bakteria anayeziba njia za chakula ndani ya mti, majani yanapata njano isiyo na mpangilio, matunda yanabaki madogo, yamekaa upande, kijani hata yakiiva, machungu. Wachina wanauita huanglongbing. Hauna dawa, mti ukiupata ni wa kung'oa. Unabebwa na vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu kwenye majani machanga. Na hapa sikiliza vizuri, wapo wawili. Yule wa Afrika, Trioza erytreae, anapenda ubaridi na unyevu wa milimani, mayai na watoto wake wanakufa kwenye joto kavu, na hata bakteria anayetembea naye hapendi joto, dalili zake zinafifia joto likishapita nyuzi 30 hivi. Yule wa Asia, Diaphorina citri, anastawi vizuri kwenye nyuzi 25 mpaka 28, na bakteria wake wa Asia anaonyesha dalili hata kwenye nyuzi 35. Huyu mdudu wa Asia ameripotiwa Tanzania, Morogoro, kwenye 2016, baadaye na Kenya. Bakteria wa Asia aliripotiwa Ethiopia 2010.

Tufanye ile karatasi kwa Muheza. Swali: nini kinamzuia? Kwa yule wa Afrika jibu ni joto, na joto linaongezeka, bakaa inakua, hatari inashuka. Kwa hiyo wazee waliosema "huo ugonjwa ni wa milimani" hawakukosea. Kwa yule wa Asia joto sio kinga hata kidogo. Muheza yenye wastani wa nyuzi 25, 26 tayari ni nyumbani kwake leo, sio 2050. Nyuzi 1.5 zikiongezeka bado yupo kwenye starehe yake. Anataga kwenye machipukizi tu, kwa hiyo kinachompangia idadi ni mti unachipua lini, na mti unachipua kwa mvua, masika, mchoo, vuli. Vuli zikiyumba na machipukizi yakatoka kidogo kidogo mwaka mzima badala ya kwa mkupuo, anakuwa na pa kutagia miezi yote na ratiba yako ya kupulizia haina maana tena. Hapo ndo tabianchi inapoingia kwa Muheza, kupitia mvua. Watu wengi wangeitafuta kwenye kipimajoto na wangekosa.

Na kinga iliyobaki ni ipi? Ni mlango. Ni miche ya machungwa na ndimu inayosafirishwa kwenye bodaboda na mabasi bila mtu kuigeuza majani, ni ile miche ya majani ya kari watu wanayopeana majirani kwa nia njema kabisa, maana huyo mdudu anaishi humo pia. Kwa hiyo tathmini yako ya tabianchi inaishia kukuambia nenda kitaluni. Hilo linashangaza watu lakini ndo hesabu inavyosema, na kama kuna hela ndogo ya wilaya iende huko. Jimbo la Florida kule Marekani mdudu aliingia 1998, ugonjwa ukaonekana 2005. Msimu wa 2003/04 walivuna zaidi ya makasha milioni 240 ya machungwa, 2022/23 hata milioni 20 hawakufika, ingawa mwaka huo na kimbunga kiliwapiga. Walikuwa na wataalamu, maabara, hela. Fikiria Muheza, fikiria ada za shule zinazolipwa na machungwa.

Upande wa Amani na Lushoto safu inabadilika: wa Afrika atabanwa kupanda juu zaidi, wa Asia ataweza kumfuata kutoka chini, na kuna mashamba ya katikati yatakayokuwa na wote wawili. Hayo ya katikati yaandike kwa wino mwekundu.

Kwenye swali la kuingia, zaidi ya miche na mizigo ya bandarini na ya mpakani Horohoro, usisahau upepo. Kaskazi inavuma kutoka Desemba mpaka Machi ikitokea upande wa Kenya na Somalia, kusi inatoka huko chini. Mdudu anayeruka akiwa tayari yupo pwani ya Kenya, muulize kaskazi. Na vimbunga vinafungua milango ambayo haikuwepo. Nzige wa 2019 na 2020 walianzia kwenye vimbunga viwili vya 2018, Mekunu na Luban, vilivyomwaga maji kwenye jangwa la Uarabuni wakazaliana bila mtu kuwaona, alafu Desemba 2019 kimbunga Pawan kikalowesha Somalia. Sisi wenyewe Mei 2024 tulikuwa tunasikiliza redio kuhusu kimbunga Hidaya. Sikuambii uandike kwamba vimbunga vitaongezeka kwetu, andika tu kwamba kimbunga kikipita, ukaguzi unafanyika ndani ya wiki chache, na utaje nani ataufanya.

Kusambaa nako kunategemea watu. Mvua zikigoma mkulima anabadilisha zao, anahamia bondeni, anaweka pampu analima nyanya kiangazi kizima, na pale mwanzo kiangazi ndo kilikuwa kinakata mzunguko wa wadudu. Hakuna modeli ya hali ya hewa itakayokuonyesha ile pampu. Waulize wauza pampu na wauza mbegu wameuza nini mwaka huu.

Vinavyopungua viandike pia, bila kuona aibu. Baka jani chelewa kwenye viazi na nyanya linapenda ubaridi na majani yaliyolowa, kukiwa na joto na ukavu linapungua. Ripoti ambayo kila kitu kinapanda haiaminiki, na hela ya dawa inabaki kupelekwa kwenye ugonjwa unaokwenda zake.

Kuhusu alama za ukubwa wa hatari. Weka safu mbili, leo na baadaye, usizichanganye kuwa namba moja, maana mkubwa wako akiona "wastani 3" hajui kama ni 2 inayopanda kwenda 4 au ni 3 iliyotulia. Pembeni weka safu ya bakaa na safu ya uhakika, na uhakika ukiwa mdogo uandike mdogo kwa sababu gani: kituo kimoja cha hali ya hewa, mdudu hajawahi kupimwa Afrika, mvua modeli hazikubaliani. Kuhusu mvua za kwetu modeli zinatofautiana sana kuliko joto, kwa hiyo fanya hesabu mara mbili, mvua ikiongezeka na ikipungua, uone kama uamuzi wako unabadilika. Kama haubadiliki, endelea, usipoteze mwezi mzima kutafuta modeli bora. Alafu chunga kuhesabu joto mara mbili, ukishaliweka kwenye makazi usilirudie kwenye kusambaa kana kwamba ni jambo jipya.

La mwisho kwenye karatasi ni tarehe na kengele ya kuifungua upya. Tathmini nyingi zinaandikwa mara moja zinakaa kwenye kabati. Weka kengele zinazoonekana: wastani wa Julai ukipita nyuzi fulani miaka miwili mfululizo, mdudu akikamatwa mita 100 juu ya alipokamatwa mwisho, zao jipya likipita ekari kadhaa, ugonjwa ukitangazwa nchi jirani.

Na ili kengele ilie lazima kuwe na mitego. Njia ya Mombo kwenda Lushoto inatosha kuanza: mitego ya chupa za maji yenye methyl eugenol (harufu inayovuta nzi madume) kwa nzi wa matunda, chupa za aina moja, dawa ya aina moja, kimo kimoja kutoka ardhini, mmoja Mombo, mmoja katikati ya mlima, mmoja Soni, mmoja Lushoto mjini, mmoja juu huko Magamba, na kila mtego kipimajoto cha bei ndogo kinachohifadhi joto la juu na la chini, kiwe kivulini. Kwenye michungwa weka karatasi za njano zenye gundi, na ugeuze machipukizi kwa mkono, mti mmoja pande nne. Hesabu kila Jumatatu, hata kama ni sifuri andika sifuri, piga picha daftari utume kwenye grupu la wasapu ili hata ukihamishwa kituo namba zibaki. Dawa ya mtego ikiisha nguvu ibadilishe mitego yote siku moja, sio mmoja mmoja.